Kwani "filamu ya watoto" ni ipi hasa?

Jumamosi moja nilikuwa kwa dada yangu Nkuhungu, hapa Dodoma, nimebeba laptop na waya wa HDMI, nikawawekea watoto Supa Modo, ile muvi ya Kenya ya 2018 iliyoongozwa na Likarion Wainaina. Watoto walikuwa kumi na moja, wanne wa pale nyumbani na waliobaki wa majirani, idadi naikumbuka vizuri kwasababu mimi ndo nilitumwa maandazi. Kama hujaiona, inamhusu Jo, binti wa miaka tisa anayependa muvi za mashujaa wa kuruka angani, ni mgonjwa na ugonjwa wenyewe hauponi, mama yake anamtoa hospitali anamrudisha nyumbani kijijini, alafu dada yake anaona kuliko mtoto alale ndani akihesabu siku bora kijiji kizima kishirikiane kumfanya aamini ana nguvu za kweli. Katikati ya muvi shemeji akaingia, akasimama mlangoni na funguo za pikipiki mkononi, akaangalia kama dakika kumi hivi bila kukaa, kisha akaniinamia sikioni ili watoto wasisikie: "Shem, si ulisema hii ya watoto?"

Nikamwambia ndiyo, imeonyeshwa mpaka tamasha la filamu la Berlin, Ujerumani, na kwenye kipengele cha watoto kabisa. Akasema "Berlin sawa, ila ya watoto na huyu mtoto anakufa?" akatoka, nikasikia pikipiki inawaka. Mi nikabaki pale najiona mjinga kidogo, jibu nilikuwa nalo ila lilikuwa refu kuliko uvumilivu wa mtu aliyesimama mlangoni. Ndo hili hapa, shem, ukipata bando utalisoma.

Tatizo linaanzia kwenye jina. Tukisema filamu ya watoto tunarundika vitu vitatu kwenye gunia moja. Kuna filamu iliyotengenezwa ili watoto waiangalie, katuni nyingi ziko humo. Kuna filamu ambayo aliyeigiza ni mtoto, na hiyo inaweza kuwa ya watu wazima mwanzo mwisho, zipo muvi kibao za vita ambazo steringi ni mtoto na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayemwekea mwanafunzi wa darasa la pili. Alafu kuna hii ya tatu ambayo wazungu wana jina lake na sisi hatujaipa la kwetu, stori ya mtu anayetoka utotoni lakini bado hajawa mkubwa, mguu mmoja ndani mmoja nje, na muvi nzima inakaa hapohapo kizingitini. Tuziite filamu za kukua, kwa leo zitutoshe. Sasa filamu ya kukua inaweza kuwa ya watoto, inaweza kuwa ya vijana, na nyingine kwakweli ni za wazee, mtu ana miaka hamsini anatengeneza muvi kuhusu likizo yake ya miaka kumi na nne, miziki ya zamani, baiskeli, mwanga wa jioni wa njanonjano, tamu sana, ila mtoto wa leo ukimwekea anakuuliza ile simu ya kuzungusha ilikuwa inaingia mtandaoni vipi. Ukiniuliza mimi ya namna hiyo ni muvi kuhusu kuzeeka, imevaa tu nguo za mtoto.

Kwanini hatuna jina? Mi nadhani ni kwasababu maneno tuliyonayo yanazungumzia mwili. Kubalehe, kuvunja ungo, kuota ndevu, yote hayo ni vitu vinavyoonekana kwa macho. Na upande wa pili tuna jando, ambalo ukilitazama vizuri lenyewe ni stori iliyokamilika: mtoto anatolewa nyumbani, anakaa na wenzake huko, anaumia, anafundishwa, anarudi, watu wanasherehekea, na kuanzia siku hiyo hata namna ya kumsalimia inabadilika. Huku kwetu Ugogoni akina mama wanakamata ngoma za muheme na kijiji kizima kinajua leo kuna nini. Kuna siku, kuna mashahidi, kuna mtu mzima anayekuongoza njia nzima. Filamu ya kukua ni jando lililokosa vyote hivyo. Hakuna anayekwambia leo ndo leo, hakuna ngoma inayopigwa, pengine siku yenyewe ni ile uliyomkuta baba anadanganya kwenye simu, au uliyoambiwa na mama acha kucheza na wale wavulana bila kuelezwa sababu, na wewe mwenyewe unakuja kujua kwamba ile ndo ilikuwa siku baada ya miaka mitano. Kamera inafanya kazi ya shahidi, inaona kitu ambacho nyumbani hakuna aliyekiona.

Ndo maana wengi wetu tukiziangalia tunachanganyikiwa, kwasababu tumefundishwa kuangalia muvi na kibanda umiza. Mi nimekulia humo, sisemi kwa dharau, mia mbili yako mkononi, benchi, joto, jamaa anayetafsiri anapiga kelele kuliko mabomu. Na kibanda umiza kina sheria zake ambazo hazijaandikwa popote na kila mtoto anazijua. Ya kwanza, steringi hafi. Ya pili, lazima awepo adui. Ya tatu, kama haijaisha vizuri basi kuna part two.

Filamu ya kukua inavunja zote tatu kwa mpigo. Kwenye Supa Modo mtoto mmoja wa miaka saba hivi, aliyekuwa amekaa karibu kabisa na skrini, alikuwa anawatuliza wenzake kila baada ya muda, "hafi huyo, ndo steringi", kwa uhakika wa mtu aliyeshaona muvi mia. Adui naye walimtafuta, kwanza wakadhani ni mama yake Jo maana ndo anamkatalia mambo, ikafika mahali wakagundua mama anamkatalia kwasababu anaogopa, wakanyamaza. Adui wa filamu hizi mara nyingi ni muda, au mwili, au shule, au pesa ambayo haipo, na hauwezi kumpiga teke la kuzunguka.

Kuhusu part two kuna kichekesho lazima nikisimulie. Mwaka 1959 Mfaransa François Truffaut alitoa Les Quatre Cents Coups, kuhusu kijana anayeitwa Antoine ambaye nyumbani hawamuelewi, shuleni hawamuelewi, anaishia kufungiwa kwenye kituo cha watoto watukutu. Mwishoni anatoroka, anakimbia, anakimbia weee mpaka anafika baharini, maji yanamgusa miguu, anageuka anakuangalia wewe, picha inaganda, imeisha. Hivyo tu. Tamasha la Cannes walimpa Truffaut tuzo ya mwongozaji bora mwaka huohuo, ila iweke kibanda umiza uone kama viti havijarushwa. Sasa kichekesho chenyewe ni kwamba part two ilikuja kweli! Truffaut aliendelea na yuleyule Antoine, mwigizaji yuleyule Jean-Pierre Léaud, miaka inaenda jamaa anakua kwenye skrini, anapenda, anaoa, anaachana, mpaka ya mwisho 1979, jumla zikafika tano. Kwahiyo watu wa kibanda umiza hawakuwa wajinga kuuliza.

Kitu kingine ambacho ukishakiona hutaacha kukiona ni urefu wa kamera. Muvi iliyotengenezwa na mtu mzima anayemtazama mtoto inapiga kutoka juu, mtoto anaonekana mdogo, mzuri, wa kuhurumiwa. Inayosimama upande wa mtoto inashuka mpaka usawa wa macho yake na watu wazima wanakatwa kiunoni. E.T. ya Steven Spielberg, 1982, sehemu kubwa ya muvi ukiacha mama huoni sura za watu wazima, unaona mikanda, viatu, funguo zinaning'inia. Siku ukipanda daladala Sabasaba jioni wakati imejaa, mwangalie mtoto aliyebanwa katikati ya watu halafu shuka kidogo usawa wake, utaelewa mara moja ninachosema, dunia ni mifuko ya suruali na vikapu.

Haya, matamasha. Watu wakisikia tamasha la kimataifa la filamu wanafikiria zulia jekundu na magauni, na hayo yapo, ila matamasha ya filamu za watoto na vijana yana historia ndefu ambayo huku haisemwi. Kongwe kabisa ni la Zlín, mji wa huko Czech, tangu 1961. Italia kuna Giffoni, limeanza 1971 kwenye kamji kadogo karibu na Salerno, na hawa ndo walifanya kitu kilichobadilisha mchezo, waliwapa watoto wenyewe kazi ya kuhukumu. Saizi majaji wao ni maelfu, wamegawanywa kwa umri, wapo wa kuanzia miaka mitatu, sita, kumi, kumi na tatu, kumi na sita, kumi na nane. Miaka mitatu, jamani! Truffaut huyohuyo alilitembelea 1982 akaandika kwamba katika matamasha yote hilo ndo linahitajika kuliko mengine.

Berlin wao, ambao tamasha lao kubwa linafanyika mwezi wa pili kwenye baridi ya kutisha, walifungua kipengele cha watoto 1978. 2004 wakaongeza mashindano ya vijana yanayoitwa 14plus, 2007 wakabadilisha jina la kipengele chote kikawa Generation, ndani yake mashindano mawili, Kplus ya watoto na hiyo 14plus. Tuzo kuu ya tamasha zima ni dubu wa dhahabu ambaye mmemsikia, huku kwa watoto dubu ni wa kioo. Na hapa ndo fundo lenyewe linafunguka, kwasababu Generation ina meza mbili za majaji. Meza moja ni watoto (kwa miaka mingi walikuwa kumi na mmoja, mi nilipohesabu maandazi nikacheka peke yangu), na vijana wa 14plus nao wana ya kwao. Meza nyingine ni ya watu wazima, watu wa filamu, na hao wanatoa tuzo yao yenye pesa. Filamu zilezile, kumbi zilezile.

Wanakubaliana? Angalia 2018, mwaka ambao Supa Modo ilikuwepo kwenye Kplus. Watu wazima walichagua filamu ya Indonesia ya Kamila Andini kuhusu binti wa miaka kumi ambaye pacha wake wa kiume yuko hoi hospitali, filamu ya polepole, ndoto nyingi, ngoma za Bali usiku, maneno machache. Watoto walichagua filamu ya Kanada ya Luc Picard ambayo binti wa miaka kumi na mbili anaambiwa yeye na mdogo wake watatenganishwa wapelekwe kulelewa na watu baki, basi wanaungana na binamu zao, wanamteka bibi kizee, wanatoroka naye. Halafu wakaitaja kwa heshima ya pekee Supa Modo ya Kenya. Yaani watoto wa Berlin waliokaa kiti cha jaji walitoka na stori ya utekaji na stori ya mtoto anayekaribia kufa, hakuna aliyetaka sungura anayeongea. Mi sisemi watoto walikuwa sahihi na wakubwa wamekosea, ile ya Indonesia ni nzuri mno kwa macho, ninachosema ni kwamba ukitaka kujua kama filamu ni ya watoto uliza nani anaihukumu. Kwenye katuni ya kawaida anayehukumu ni mzazi mwenye hela ya tiketi. Kwenye Generation anahukumu mwenye umri wake.

Swali la haraka ambalo huwa naulizwa, hao watoto wa Berlin wanaelewaje filamu ya Kiindonesia au ya Kiswahili wakati kusoma maandishi ya chini bado wanasuasua? Jibu lake lilinifurahisha kuliko kitu chochote nilichokijua kuhusu lile tamasha. Kwenye Kplus anakuwepo mtu na maiki ndani ya ukumbi, filamu inaenda na sauti yake halisi, yeye anawasomea watoto maneno yote kwa Kijerumani hapohapo, laivu. Umeshaelewa? Ni jamaa wa kibanda umiza! Tofauti ni kwamba wa Berlin anasoma kilichoandikwa, na wetu akichoka kutafsiri anaongeza salamu kwa bodaboda wa Chang'ombe na kumpa steringi jina la mbunge. Lakini kazi ni ileile, na kama kuna mtu yeyote anafikiria siku moja kuwaonyesha watoto wa Dodoma filamu za Iran au Peru asianze kuhangaika na maandishi ya chini, atafute mmoja wa wale jamaa, amlipe vizuri, ampe script mapema.

Umri nao unachanganya. Hapa kwetu kuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, Bodi ya Filamu inakagua na kupanga daraja, na daraja maana yake ni ulinzi, huyu asiingie. Namba za kwenye tamasha ni kitu kingine. Waandaaji wakisema filamu hii kuanzia miaka kumi wanamaanisha mtoto wa miaka kumi itamgusa na ataibeba, wa sita atachoka au ataogopa kitu ambacho hajakielewa. Ni kama mtu anayekwambia hiki chakula kina pilipili kidogo. Na kinachoangaliwa ni zaidi ya kama kuna kifo au hakuna, maana hadithi tulizosimuliwa na bibi zetu zilikuwa na fisi anayemeza watu na hakuna aliyesema tusisikilize. Kinachoangaliwa ni kama mtoto anaachwa peke yake na hicho kitu. Supa Modo tangu dakika za mwanzo unajua Jo anaumwa, hawakufichi halafu wakurushie mwishoni, na muda wote kuna watu wamemzunguka. Kuna katuni zinazorushwa asubuhi kwenye TV ambazo watu wanapigana mpaka wanapasuka na hakuna anayelia, mi hizo ndo zinanitisha zaidi, ila haya ni maoni yangu, shemeji ana ya kwake.

Kwa wale mnaotengeneza, maana najua Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na mtaani kuna vijana wana kamera na stori nzuri za utotoni za Bahi, Kongwa, Mpwapwa, nawaomba kitu kimoja tu. Msiiweke YouTube kwanza. Matamasha mengi makubwa yanataka kuwa ya kwanza au karibu na ya kwanza kuionyesha, ukishaipakia ikapata viewers mia nne na komenti kumi na mbili za "kazi nzuri mdogo wangu" umejifungia milango mwenyewe. Iweke na maandishi ya Kiingereza, ikae kwenye diski, uanze kupeleka. Na Berlin siyo lazima iwe ya kwanza, Zanzibar tamasha la ZIFF lipo tangu miaka ya tisini, wanaonyesha filamu usiku Ngome Kongwe chini ya nyota, saizi kutoka Dodoma ni treni ya SGR mpaka Dar halafu boti, mtu unafika siku hiyohiyo. Na tafadhali stori isiwe lazima ifundishe kitu. Filamu zetu nyingi zenye watoto zina mtu anayesimama mwishoni kuelezea madhara ya utoro, mtoto analiona hilo kutoka mbali kama anavyoiona sindano.

Turudi Nkuhungu. Muvi ilivyoisha, ni dakika 74 tu, pale sebuleni hakuna aliyepiga kelele. Yule wa miaka saba aliniuliza Jo atarudi lini. Kabla sijajibu kaka yake, wa miaka kumi na tatu hivi, aliyekuwa amekaa nyuma karibu na friji akijifanya anachezea simu muda wote, aliinuka akaanza kurudisha viti vya jirani, viwili viwili, hakuna aliyemtuma, alipita mlangoni mara tatu bila kutuangalia.

Nikaona basi na sisi tuwe na meza yetu ya majaji. Nikawagawia vipande vya karatasi kutoka kwenye daftari la hesabu la mpwa wangu, nikawaambia waandike nzuri au mbaya, wasioneshane. Tukahesabu juu ya meza pamoja na makombo ya maandazi. Nzuri saba, mbaya tatu, mojawapo ikiwa na maelezo kwamba "haina ngumi". Karatasi ya kumi na moja ilikuwa imekunjwa mara nne, na ndani kulikuwa na mwandiko mkubwa wa penseli: HAIJAISHA.